Chupa ya Maman Rolande

Alhamisi, 12 Juni 2025
Majorka, kisiwa cha Hispania! Mimi Cécile, mtunza wazee wa Evere, Brussels, leo nimetembea bustani za mabwana wa zamani. Vidimbwi, mitende, malimau makubwa kama ngumi. Nimechuma moja — imekatazwa! Anaclet, mwenzangu wa kazi, alinikinga kwa mwavuli.

Mchana, monasteri ya zamani. Watawa hawapo tena, vyumba vyao vyeupe vimebaki, kila kimoja na kibustani chake. Ningeishi humo raha mustarehe bila simu za Maman Rolande. Leo mara tatu: nisisahau maji ya kisima cha watawa, ayapake kwenye goti lake bovu. Ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, mtaa wa Saint-Gilles; akisema, tunatii. Nimejaza chupa. Padre mmoja mzee kaibariki.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeyanywa. Yote! Jua kali, basi limekwama kwenye kona za mlima — nifanyeje? Yalikuwa matamu.

Jumapili, 15 Juni
Brussels, mvua. Nimejaza chupa ileile kwenye bomba la jikoni, nikavaa uso wa ibada, nikampelekea. Kapokea kwa mikono miwili. Kaibusu! Kwenye tramu nimecheka peke yangu hadi watu wakanihama.

Jumatano, 18 Juni
Maombi. Rolande kaacha fimbo mlangoni, kacheza nyimbo nne mfululizo. Sasa akina maman wote wanayataka maji hayo. Nikapewa kiti cha mbele, nikakikalia. Mungu anisamehe, nilikifurahia.

Alhamisi, 19 Juni
Utani umekwisha. Asubuhi Rolande kapiga simu.

"Cécile, goti inapona. Minaenda kuita hôpital, nivunje ile opération ya lundi."

Nafasi hiyo ya kupasuliwa goti Jumatatu kaingojea miezi minane! Nimemwomba asipige kwanza, nina neno. Nikatoka mbio na sapatu za ndani.

Niko kwake, chini kwenye ngazi. Lifti imekufa. Nilitaka kupanda, kakataa, kapaza sauti toka ghorofa ya nne:

"Bakia pale chini. Minashuka mi mwenyewe, utaona!"

Anashuka akiimba. Ningepanda kumpokea, badala yake nimetoa daftari — mwoga mimi! Nimwambieje? Bomba, maman. Bomba la jikoni.

Yuko ya tatu. Anaimba bado.

Ya pili. Wimbo umekatika. Nasikia pumzi tu, na pete yake ikikwaruza chuma cha ngazi. Ananiita nikamshike.