Meno kwenye Bakuli la Maharage

Wajukuu zangu,

Nimekwenda kwa fundi cherehani. Leo pikeni maharage na nyama ya kusaga. ~~Chemsheni yale niliyoloweka.~~ Hapana! Yale yamwageni, na bakuli mlisugue kwa maji ya moto mara mbili. Fungueni ya kopo.

Ndiyo, ni mimi niliyesema ya kopo hayana ladha na ule ute wake unanitia kinyaa. Bado unanitia kinyaa. Yasuuzeni mpaka povu liishe.

Lakini asubuhi nimetia mkono bakulini kuyachuja, nikashika meno. Meno ya bandia ya babu yenu! Eti alidhani ni bakuli lake la kuyalowekea. Ptuu! Mpaka sasa hata chai haishuki. Na yeye anacheka tu, ufizi wote nje.

Kila siku analalamika kwamba maharage yangu makavu ni magumu. Jana nikayaloweka mapema, yalainike, ayatafune bila shida. Shukrani yake ndiyo hiyo.

Pilipili mtie mwishoni.

Meno nimeyafungia kabatini. Hapewi mpaka aniombe radhi, na kila neno nilisikie vizuri.

Bibi yenu