Mbwa Mweupe Niliyemsemesha Kiingereza

Mpwa wangu mpendwa Rehema,

Marahaba. Najua leo hujaniamkia, uko huko Songea na chaki mkononi. Marahaba hii ni ya ile asubuhi uliyosimama mlangoni na begi lako, ukasema shikamoo mjomba, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikageukia mbwa. Imenikaa kooni tangu siku ile. Ipokee, kisha nikupe habari, maana habari yenyewe ni ya ushindi, na mimi kuficha ushindi sijui.

Unakumbuka nilivyomleta Majivu? Mzungu wa shamba la mkonge kule Kimamba, shamba lilipochukuliwa na serikali, alifunga mizigo akamwachia mpishi wake yule mbwa dume wa kijivu mwenye mabaka meusi, kama majivu yaliyochanganyika na mkaa. Mpishi akanipa kwa majogoo wawili. Nikatembea naye siku nne kutoka Kimamba mpaka hapa kwetu Mikumi, na njiani simba alitukuta, akamtazama Majivu usoni, akaketi pembeni kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Nilipokusimulia uliniuliza, "Simba huyo, mjomba, walimpa kiti?" Nikakwambia ukome. Lakini nilipenda ulivyocheka.

Wakati ule ndiyo kwanza tumeshushwa kutoka milimani, nyumba zimepangwa mstari, shamba la kijiji limepakana na pori. Ngiri wakala mahindi yetu kama nao wamejiandikisha kwenye ujamaa. Kila mtu akataka mbwa, na kila aliyetaka mbwa alitaka wa rangi ya Majivu. Walikuja mpaka watu wa Tindiga. Hata mzee Ramadhani, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye mbwa akimgusa ananawa mara saba, alisema wake akae mbali na mkeka wake wa kuswalia, ila awe na mabaka.

Hapo ndipo ujanja ukanizidi kimo. Nikasema, kama mwenye mabaka mmoja ni mzuri hivi, wawili itakuwaje? Nikampandisha Majivu na binti yake mwenyewe, aliyemzaa na jike wa hapa kijijini, naye wa mabaka. Wakazaliwa wanne, mmoja mweupe pee, macho ya buluu. Tukamwita Pamba. Nilimzungusha kijiji kizima mikononi kama nimejifungua mimi, na nikamwahidi mwenyekiti kwamba huyu ndiye atakayelinda shamba la kijiji.

Kasoro ikawa moja tu: ukimwita haji. Nikawaeleza watu kwamba damu ya kizungu imemrudia yote, Kiswahili hakijui. Wakaamini. Mzee Ramadhani akawa kila akipita anasimama kwa adabu na kusema, "Kamu hia." Mke wangu naye akampikia uji akamkaribisha kwa gudi moningi.

Wewe ulikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Ulisimama nyuma ya wale watoto wa mbwa ukagonga sufuria kwa mwiko. Wenzake wakatimka mpaka uvunguni. Pamba akaendelea kutafuna kandambili yangu.

"Mjomba, huyu hana shida ya lugha," ukasema. "Hasikii."

Nikakuuliza umesomea ualimu au udaktari wa mbwa.

"Nimesomea kumwangalia mtoto asiyejibu. Usimpeleke shambani. Ngiri atamtokea kwa nyuma."

Mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale anasikia. Nikaona jina langu linaanguka, nikasema shule imekuharibu. Kesho yake, ukirudi chuoni, ndiyo ile shikamoo.

Basi Pamba nilimpeleka shambani. Zamu ya kulinda ilikuwa yangu, saa nane ya mchana, jua linawaka. Ngiri akatoka majanini, mkubwa kama ng'ombe. Haya, kama ndama. Pamba amempa mgongo, anaangalia vipepeo. Nikamwita kwa Kiswahili, nikamwita kwa Kisagara cha mama yako, nikamaliza Kiingereza changu chote, maneno manne. Sikio halikutikisika. Nikakimbia na jembe nikajitia katikati. Jino la ngiri likanichana paja, mpini ukavunjikia puani mwake, akarudi porini. Pamba alipogeuka akanikuta chini, akanilamba uso akidhani tunacheza.

Paja lilipona. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshagawa mbwa wa mabaka, dume na jike, kwenye nyumba tatu, na wote nimewaambia wawapandishe wao kwa wao wapate weupe. Bwana mifugo alipopita kunitazama alinieleza kwamba mabaka kwa mabaka ndiyo yanayoleta ule weupe, na weupe huo huja na uziwi, na wengine huzaliwa vipofu kabisa. Nikakata fimbo nikachechemea mpaka Tindiga, mpaka Ruhembe, nikibisha hodi na kusema neno ambalo mdomo wangu haukuwa umelizoea: nilikosea. Bwana mmoja wa Tindiga akaniuliza kama yule Pamba, mzungu wangu, sasa nitamtafutia kazi ya utarishi. Nikanyamaza. Hebu fikiri, mimi kunyamaza.

Sasa ushindi. Majivu nilimpandisha na jike mwekundu wa jirani, mbwa wa kawaida asiye na sifa yoyote ila uzima. Wakazaliwa sita, watatu wa mabaka, watatu wekundu. Nikawaleta kwenye mkutano wa kijiji, nikagonga sufuria mbele ya watu wote, na masikio kumi na mawili yakasimama kama gwaride. Leo wamekua, na msimu huu ngiri hawajaonja hata bua. Pamba yuko nyumbani, amenenepa. Nikikanyaga chini kwa nguvu anageuka, nikiinua mkono anakuja.

Juzi tukawapeleka kwenye maonyesho ya wakulima Kilosa. Watu waliacha ng'ombe wa maziwa wakaja kutazama mbwa. Bwana mifugo akanishikisha kipaza sauti, akaniuliza mbele ya wilaya nzima nani aliyetambua uziwi wa mbwa wangu mweupe kabla yeye hajafika kunieleza. Rehema, unanijua. Kifua kilishajaa, "mimi" ilishafika kwenye meno. Nikasema, "Mpwa wangu, mwalimu Rehema. Aliniambia mapema, nikamkatalia."

Makofi yalisikika mpaka Kimamba. Haya, mpaka stesheni ya Kilosa.

Yule jike mwekundu ana mimba tena, na foleni ya wanaotaka imeshafika kwa mwenyekiti. Nimewaambia wote wasubiri likizo, mwenye kugawa atakuwa mwalimu.

Mungu akulinde huko, na wanafunzi wakusikilize kuliko nilivyokusikiliza mimi.

Ni mimi mjomba wako, ndugu wa tumbo moja na mama yako.