Mpira wa Duara na Kidonda cha Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu. Hali yako sikuulizi, maana ulivyomfokea daktari kwenye simu nilijua kifua chako hakina tatizo. Shemeji na watoto natumaini wazima. Mimi mgongo unaniuma kwa kumgeuza Mama, lakini hilo halikuhusu.

Nianze na ule mpira wa duara uliotuma ili Mama aukalie. Muuguzi alisema uondolewe, kwa kuwa unabana nyama pande zote na damu haipiti. Nikauondoa. Shangazi akaurudisha, akaujaza upepo kwa mdomo hadi macho yakamtoka, eti zawadi ya kifungua mimba haiwekwi uvunguni. Kila nikitoka sokoni namkuta Mama juu yake. Kidonda cha makalioni, alichokipata kwa kulala kitandani muda mrefu, kikawa cheusi, kigumu kama soli ya kiatu, na harufu ikafika sebuleni.

Daktari alieleza vizuri: ile nyama nyeusi imekufa, na chini yake usaha unatafuta njia ya kuingia kwenye damu. Isipoondolewa, Mama tunamzika. Shangazi akakupigia kwamba wanataka kumchuna Mama akiwa hai. Nawe, bila kuuliza lolote, ukaamuru asiguswe mpaka ufike. Utafika lini, hukusema. Daktari akaweka vifaa chini. Kaka, siku ile nilikuchukia, na bado sijamaliza.

Kumbe mwenye mwili hakuna aliyemuuliza. Mama alikuwa amelala ubavu, anatusikiliza. Akasema, "Daktari, we kata. Huyo wa mbali hanusi."

Akachomwa dawa ya ganzi, daktari akakata pole pole mpaka akafikia nyama nyekundu inayotoa damu. Alifurahi kuiona damu hiyo. Mimi nilishika mkono wa Mama, Shangazi alishika mlango. Homa imeshuka. Shimo lililobaki linaingia ngumi yangu, nalo litachukua miezi kuziba, mradi Mama asilalie upande mmoja.

Msalimie Shemeji, uwabusu watoto. Shangazi anakusalimu, mpira wako anaukalia yeye sasa akitazama televisheni. Mungu akulinde huko, na akupunguzie amri.

Mama anakuulizia kila siku. Usije kukagua kidonda, Kaka. Njoo umgeuze, zamu yako ipo.

Mdogo wako,
nikupendaye, ingawa leo kwa shida.