Matambara ya Chini ya Mlango

Watu wa nyumba hii,

Aliyegonga nyundo alfajiri ni mimi, msinune. Lile furushi la matambara tunalozibia upepo chini ya mlango nimelipigilia misumari mlangoni. Sasa litafuata mlango wenyewe, na baridi haitapanda tena ngazi mpaka vyumbani. Mtu asilipige teke. Chai iko kwenye chupa.

Baba mkwe, haya yaliyobaki ni yako. Leo nilisahau aproni ya kazini, nikarudi. Nikakukuta chini ya ngazi, peku, umeinama unasukuma matambara mahali pake. Eti "natafuta maji." Maji ngazini, Baba?

Ndipo nikashtuka. Furushi lile huwekwa kwa ndani tu. Nikishatoka kwenda kuoka mikate ya watu, nani hulirudisha? Usilolijua ni usiku wa giza. Msimu mzima najisifu kwamba nyumba haina baridi kwa ufundi wangu, kumbe ni wewe unayeamka. Na jana nilikufokea mbele ya wajukuu kwa kikohozi hicho! Ahsante, Baba. Ahsante sana.

Dawa ni kijiko kimoja, si kuibugia chupani.

Na kuanzia kesho ~~ni marufuku kushuka, ulale~~

Hapana, nimekata. Mlango haukuhitaji tena, lakini mimi bado nakuhitaji. Shuka uniage. Ila uvae soksi.

Mkweo, fundi nyundo