Dora Hnatiuk: Meza ya Alhamisi Haiondoki

Leo mwaka umetimia, Dora, tangu utuache, asubuhi ile ya baridi kali ya Februari ambayo mumeo Orest anaapa moshi uliganda juu ya mapaa, majirani wakaukata kwa shoka. Mwache aape. Ulishamzoea.

Wapo walionong'ona mazishini: mfamasia gani huyu anakufa kwa moyo? Tunawajibu leo. Tulimwaga dawa zako mezani, kama ulivyomwaga za watu kwa miaka thelathini na moja, tukazihesabu. Hukuruka hata kidonge kimoja. Moyo ulichoka wenyewe.

Kila Alhamisi ulikaa kwenye meza ya dirishani, katika duka la dawa la mji wetu wa Willow Narrows, na watu wakaja na mifuko ya karatasi: walichomeza, walichojipaka, walichoficha, hata matone ya macho yaliyoachwa na marehemu wao. (Mfuko wa Bi Olafson, anasema Orest, ulikuwa mzito hata akauvuta kwa trekta la kuzolea theluji.) Uliwaambia wote neno lilelile: "Daktari kaandika nini, najua kusoma. Niambie wewe unafanya nini."

Mzee Stefan Wasylyk alikuwa anaanguka ovyo. Wanawe walishamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee.

"Hivi vya buluu unakunywa lini?"

"Asubuhi. Vya presha, alinipa daktari wetu."

"Na hivi vyeupe?"

"Asubuhi hiyohiyo. Vya hospitali ya mjini. Hivyo vya moyo."

"Nani kakwambia vya moyo?"

"Si unaona vyeupe? Mimi nina moyo mweupe, Dora."

"Mzee wangu, ni dawa moja, viwanda viwili, majina mawili. Unakunywa presha mara mbili. Kila asubuhi unajipiga mwereka mwenyewe!"

Ulimpigia daktari simu kabla mzee hajavaa kofia. Stefan yuko kwake mpaka leo. Kiangazi kilichopita alianguka tena, kutoka juu ya paa alilopanda kuziba akiwa na miaka themanini na minne. Wanawe tukawaambia: huo ni ujinga, hauna dawa.

Nyumbani ulikuwa mpole, kahawa yako nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, na hakuna aliyethubutu kusema. Kazini hukuwa mpole. Mwenye duka alipokutaka utumie dakika kumi kwa kila mgonjwa, ulimjibu, "Dakika kumi ni za kufungua vifuniko tu, bwana."

Sasa sikia. Novemba wenye duka wapya waliitoa meza yako, wakaweka rafu ya peremende. Kazi ile ya kupitia dawa za watu ifanyike kwa simu, wamesema. Kwa simu, Dora! Kwa simu kila mtu anakunywa dawa zake zote, tena kwa wakati.

Orest na kaka yako Einar waliipakia meza kwenye gari, wakaipeleka ukumbi wa kanisa. Binti yako Lesia, aliyeshika nafasi yako dukani, anakaa hapo Alhamisi, siku yake ya mapumziko. Wiki iliyopita bosi wake wa dukani alimwita: aache, au kazi hana.

"Umemjibu nini?" aliuliza Orest.

"Nimemwuliza anakunywa dawa gani."

"Akasema?"

"Nne. Mbili hajui za nini."

Hatukudanganyi, tunaogopa. Lesia ana mkopo wa nyumba na watoto wawili, na mji huu hauna duka jingine la dawa. Lakini Alhamisi hii, saa saba mchana, meza ipo na Lesia yupo. Wenye mifuko waje. Bosi naye akaribie na zake nne. Atangoja zamu kama wengine.

Unakumbukwa na mumeo Orest, binti yako Lesia na mumewe Curtis, wajukuu Petro na Signy, kaka yako Einar, na Mzee Stefan, aliyedai jina lake liwemo.

Kukusahau hatujui, Dora, na hatuna mpango wa kujifunza.