Bahari Ambayo Afande Hakuigusa

Jumatatu, 28 Julai

Soksi zimeoshwa. Za Doreen pia, ingawa leo ilikuwa zamu yake. Ndizi zimemenywa. Kabla ya chai nimesoma sura nzima ya Jiografia.

Afande, baba yake Doreen, amerudi kutoka kambi ya jeshi na karatasi aliyoichapisha mjini. Picha ya kisiwa. Mchanga, nyumba sita za makuti, maji ya rangi ambayo sina jina lake. Ni hoteli ya watu wanaozamia baharini kutazama samaki, mbali kabisa, pwani ya Tanzania. Anataka kutupeleka kwa siku chache Septemba, likizo yake ikikutana na yetu.

Mama Doreen alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Watu wa huku Kakiika kwenda kuzama? Na nyumba haina plasta?" Bei ni hiyo hasa: plasta ya nyumba nzima, na ndama mmoja juu yake.

Walibishana kidogo. Kisha Afande akanigeukia. "Profesa, wewe nasoma mpaka karatasi ya sabuni. Soma hii. Tafuta kwa simu, watu wale walienda wanasema nini. Jumapili unaleta ripoti. Kama iko ya maana, tunaenda. Kama ni ya kudanganya watu, tunapiga plasta."

Sisi wanne, alisema. Alihesabu kwa vidole. Kidole cha nne kilikuwa mimi.

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kumaliza chakula.

Jumanne, 29 Julai

Nimekumbuka katikati ya Hisabati. Siwezi kwenda.

Mkimbizi akitaka kuvuka mpaka lazima awe na kitabu cha safari. Kinaombwa ofisini, kinachukua miezi, na mimi hata sijaanza. Hapa Mbarara kwenyewe nasoma kwa barua yenye muhuri wa Base Camp, ofisi za kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, ninayoitunza ndani ya Biblia. Barua hiyo haifiki baharini.

Ningesema leo jioni. Sikusema.

Najua sababu. Nimeishi nyumba hii miaka miwili. Mimi na Doreen tulijuana kwenye kambi ya vijana ya kanisa, akaenda kumwambia mama yake kwamba kuna msichana Nakivale anayefaulu lakini shule iko mbali. Baba alinileta na begi moja na debe la maharage. Mama Doreen akasema kitanda kipo. Basi. Tangu siku hiyo naitwa kula, nagombezwa, natumwa dukani. Nikitaja kitabu cha safari, wote watanitazama kwa huruma. Nitakuwa mkimbizi tena, mezani, mbele ya sahani.

Sitaki. Afadhali safari isiwepo.

Alhamisi, 31 Julai

Nimesoma maoni ya wageni kwenye simu ya Mama Doreen. Mengi ya Kiingereza, machache ya Kifaransa. Nimejaza kurasa tisa za daftari.

Wengi sana wanasifu. Maji yako wazi mpaka unaona kivuli chako mchangani. Walimu wana subira. Asiyejua kuogelea anaanzia kwenye maji ya magoti na hakuna anayemcheka. Mwanamke mmoja wa makamo ameandika kwamba alikwenda akiwa anaogopa hata bafu, na siku ya nne alimwona kasa. Aliandika jambo hilo kwa herufi kubwa zote.

Wachache wananung'unika. Ndege ndogo inayotikisika. Boti inayolowesha mizigo. Kaa wanaingia chumbani. Simu haipatikani. Samaki asubuhi, mchana na jioni. Aliyezamia na mtungi wa hewa haruhusiwi kupanda ndege mpaka siku nzima ipite, kwa hiyo siku ya mwisho unakaa tu na kulipia.

Sikujua hilo la ndege. Hewa iliyoingia kwenye damu inahitaji muda wa kutoka. Nimelisoma mara tatu kwa raha tupu. Namshukuru Mungu kwa vitu vya kujua.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili, mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari.

Nimeandika manung'uniko yote. Sifa nimeandika mbili, fupi. Yule mama wa kasa nimemwacha.

Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Ndiyo hila yenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimesoma ripoti sebuleni. Sikuinua macho hata mara moja, wakadhani ni aibu yangu ya kila siku.

Nilipofika kwenye samaki Mama Doreen akapiga makofi. Kwao ni wafuga ng'ombe, samaki haingii jikoni. "Samaki mara tatu! Mimi nitakula nini huko, nyasi?"

Doreen akanung'unika kwamba ameshawaambia darasa zima.

Afande hakubishana. Nilitaka abishane. Alichukua ripoti yangu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. "Asante, Profesa. Kazi mzuri."

Ameniamini. Hakuuliza swali hata moja.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi amekuja kupima kuta. Doreen ananiita Muuaji wa Bahari. Anatania tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Afande hupiga viatu vyake dawa kila Ijumaa jioni, barazani, redio ikiwa chini. Nilikaa karibu na kitabu. Sikuwa nasoma.

Nilimuuliza kwa nini bahari, siyo mbuga ya wanyama. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

Alisugua kiatu muda mrefu. Kisha akasema: "Somalia, mimi nakaa mwaka moja karibu na bahari. Posti yangu iko hapa, maji iko pale, kama hapa na lile banda la kuku. Kila asubuhi naiona. Lakini uko na fulana ya risasi, uko na bunduki, hapana ruhusa kuteremka. Joto, Profesa! Jasho inaingia mpaka kwa viatu, na maji iko pale. Mwaka moja. Nikarudi Uganda. Sijagusa hata na kidole."

Alisema vijana wawili wa kikosi chake walikuwa wakiahidiana kwamba siku ya mwisho wataruka ndani na nguo. Hakusema zaidi juu yao. Akageuza kiatu akaanza upande wa pili.

Karatasi yangu bado ilikuwa mfukoni mwake. Niliona pembe yake.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeandika kwa kalamu ili nisiweze kufuta.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesema.

Nilisubiri mpaka wote wako mezani, maana kusema mara mbili nisingeweza. Nikaweka daftari lenye kurasa tisa mbele ya Afande. Nikasema ripoti ilikuwa nusu. Nikasema hoteli ni nzuri. Nikasema sina kitabu cha safari, sikutaka wajue, na nilitaka plasta ishinde.

Doreen aliacha kutafuna.

Afande alisema polepole: "Kwa jeshi, mtu tunamtuma mbele kuangalia njia. Akirudi na habari ya nusu, yeye ni hatari kupita adui. Unajua?" Nikasema najua. "Haya. Sasa leta nusu ingine." Akasukuma daftari kwangu nisome.

Nikasoma. Nilipofika kwa yule mama wa kasa, Afande alitazama dirishani.

Huruma niliyoiogopa haikuja. Ilikuja hasira ya Mama Doreen. "Miaka miwili! Homa ngapi nimekukandia kwenye kile kitanda? Halafu kitu kama hiki unakificha kama mgeni? Mjinga wewe! Kesho hutaenda popote, utafua mapazia yote!"

Alinigombeza kama anavyomgombeza Doreen. Maneno yaleyale, na kidole kilekile. Nimeshukuru kwa kila neno.

Afande alisema basi hakuna anayekwenda. Nikasema hapana. Nadhani ni mara ya kwanza kumwambia hapana. Nikasema mimi ndiye niliyetumwa kuamua kama inafaa, na nimeamua. Inafaa. Plasta inaweza kungoja, kuta hazijawahi kulilia kitu.

Mama Doreen alicheka bila kutaka. Halafu akasema atabeba samli yake kwenye chupa.

Jumapili, 10 Agosti

Mapazia kumi na moja. Mikono imechubuka. Doreen alinisaidia kuyasuuza bila kuombwa.

Jumatano, 20 Agosti

Safari imelipiwa. Na sasa imejulikana kwamba Afande anaogopa maji.

Alikiri leo. Hajawahi kutia uso ndani ya maji, hata mtoni. Nikampigia Baba. Zamani, alipokuwa kijana huko Fizi, Kongo, Baba alikuwa akizamia ziwani Tanganyika kunasua nyavu zilizoshikwa na mawe. Siku hizi anauza nyanya na chumvi Misiera, kule Nakivale, na hana cha kuzamia.

Nikaweka simu kwenye spika.

"Afande, shikamoo ya mbali!" Baba alisema. "Maji haina shida. Shida ni mutu anakimbiza pumuzi. Tia sura mu beseni, hesabu pole pole mupaka kumi, inuka. Kesho mupaka kumi na tano. Usipiganishe maji. Batu mingi banakufa juu ya kupigana nayo."

Afande akaitikia, "Ndiyo, Mzee," akiwa amesimama wima kabisa, kana kwamba Baba anamwona.

Basi beseni la kufulia likawekwa uani. Sajini mzima, magoti chini, uso ndani. Doreen anahesabu. Alipofika nne Afande akaruka juu akikohoa, maji yanamtiririka kwenye masharubu. "Beseni imenipiga!" Mama Doreen alilazimika kukaa chini. Majirani walikuja kwenye ua.

Akarudia. Saba. Akarudia tena. Kumi na moja.

Jumamosi, 23 Agosti

Likizo. Afande amenileta Nakivale mwenyewe, na kabla ya kunifikisha nyumbani alisimama nami na Baba kwenye foleni Base Camp. Muda wa saa nne nzima juani, akiwa na nguo za kiraia, akisubiri kama sisi. Ombi la kitabu cha safari limepokelewa. Nina karatasi yenye namba. Wataita kwa picha.

Baba na Afande walikunywa soda dukani, wakaongea mambo ya pumzi tu. Wote wawili ni watu wa maneno machache. Walielewana sana.

Tumekubaliana: Alhamisi ya tarehe nne, saa nne asubuhi, Afande atatia uso baharini. Mimi nitakuwa na beseni hapa. Baba alisema ni mambo ya kitoto. Halafu akauliza beseni gani.

Alhamisi, 4 Septemba

Kitabu kinasema bahari ina gramu thelathini na tano za chumvi kwa lita. Ni vijiko viwili vikubwa kwa kila lita. Baba aliitoa chumvi dukani kwake bila kuuliza.

Saa nne kamili nilitia uso. Nikafumbua macho, kwa sababu nilitaka kujua. Yanawasha. Niliona chini ya beseni, ua jekundu lililochorwa, likiyumba. Nikahesabu hadi ishirini na tatu.

Nilipoinuka Baba alikuwa amepiga magoti upande wa pili, uso ndani, masikio yanaonekana. Alikaa muda mrefu mno. Nikaanza kuogopa. Kisha akainuka taratibu, hata bila kuhema, akafuta uso kwa kiganja.

"Chumvi mingi," alisema.

Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakitutazama. Hatukueleza.

Jumanne, 9 Septemba

Kisiwani hakuna mtandao, nilijua. Kwa hiyo kimya hakikunitisha sana.

Leo wamefika nyumbani. Ujumbe wa sauti umeingia mchana. Nimeuandika hapa usije ukapotea.

"Profesa. Hii ni Afande, naripoti. Ile Alhamisi saa nne mimi naogopa. Nasimama kwa maji ya magoti, narudi. Wewe peke yako ndiyo uliingia. Ijumaa, pia hapana. Jumamosi mwalimu ananishika mkono, nakumbuka Mzee, sipigani. Naenda chini. Samaki, Profesa! Wengi kama paredi, lakini hapana mtu anapiga kelele. Halafu naona maji ndani ya miwani. Nafikiri inavuja. Naonyesha mwalimu, tunapanda juu, yeye anaangalia, anasema miwani iko sawa. Nikajua, kumbe ni mimi. Mama Doreen alikula samaki. Anakataa nisiseme. Kasa hatukuona. Ile tunaacha, ya siku yako."

Nyuma Doreen anapiga kelele kwamba kuna mchanga kwenye kila kitu, hata kwenye samli.

Baba alitaka kusikia tena. Kisha akasema, "Rudisha kidogo, fasi ile ya miwani." Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaenda kumpimia mtu nyanya.

Mchana huohuo wameita namba yangu. Kesho saa mbili, Base Camp, kupigwa picha. Nimepiga pasi shati jeupe la shule. Liko kwenye msumari, karibu na beseni.