Rangi ya Waridi Chini ya Kijani Changu

Shangazi yetu wa gazetini,

Nimezoea kusoma barua za wenzangu huku nacheka na sindano mdomoni, leo zamu yangu imefika na kicheko kimeniisha. Mimi ni fundi wa kushona, nimeolewa na mwalimu wa sayansi aliyefiwa na mkewe, na binti yake alikuwa na miaka sita nilipoingia nyumba ile, sasa ana kumi na tatu na yumo katika darasa la baba yake, na ananiita Mama, sikumlazimisha, alianza mwenyewe asubuhi moja akitafuta soksi.

Mume wangu ni mtu mwema ila ana ugonjwa wa mawe. Muhula huu anafundisha historia ya dunia na jinsi ya kujua umri wa miamba, basi nyumba haina raha, mara kachukua mkebe wangu wa vifungo, anautikisa, anavimwaga mezani, vilivyolala chali anavitoa, vilivyobaki anavirudisha, kila mara vinapungua karibu nusu, eti ndivyo chembe fulani ndani ya mwamba zinavyogeuka, nusu baada ya nusu kwa mwendo usiobadilika, ndiyo maana wataalamu wanaweza kuhesabu miaka yake, nami nikamwambia kifungo cha koti la mteja kikipotea, hesabu hiyo atamweleza mteja yeye mwenyewe.

Kilichoniumiza ni ukuta. Mji wetu ni tambarare, hakuna korongo wala machimbo ya kuwaonyesha watoto matabaka ya miamba, ndipo akaleta darasa zima sebuleni bila kuniuliza, akasogeza kochi, akashika patasi na kubandua rangi kipande ukubwa wa daftari, kwanza kijani, kisha waridi, kisha chokaa, mpaka kwenye lipu, akauliza lipi lilitangulia, nao wakajibu kwa pamoja kwamba la chini ndilo kongwe, na mimi niko mlangoni na sinia la chai najivunia mume wangu, mpaka mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, hii ya waridi ina miaka mingapi?”

Akasema matabaka yanataja nani alitangulia, hayataji lini, kisha akatabasamu kwa namna ambayo sijawahi kuiona, akasema ile aliipaka marehemu mkewe kwa mikono yake. Binti akauliza, “Nilikuwa nimeshazaliwa?” Baba yake akasema hajui, siku hizo alikuwa akifundisha mbali, alirudi akakuta mtoto kazaliwa na ukuta umebadilika. Mimi nikarudi jikoni na chai yangu.

Shangazi, rangi ya kijani niliipaka mimi, wiki ile ile niliyoingia, bila kumwuliza mtu. Sasa binti kila akienda shule anapitisha kidole pale penye waridi, na nimenunua kopo la kijani, liko nyuma ya mlango, ameliona akaniambia polepole, “Mama, usipake pale, sawa?” nikamjibu tutaona. Jirani yangu ananihimiza nipake, mke gani anakaa na mke mwenza ukutani, na Jumamosi hii mume na binti wana safari ya shule, nitakuwa peke yangu. Nampenda mtoto huyu, sikumzaa lakini nampenda mpaka naogopa, naona kadiri anavyomkumbuka yule ndivyo mimi ninavyofutika. Ndugu wa marehemu aliyebaki ni dada yake mkubwa, anakaa mtaa wa pili, hajakanyaga kwetu tangu harusi, nami sijawahi kumwita. Nipake, nisipake?

Fundi Mwenye Kopo

Shangazi anajibu

Fundi, toa sindano mdomoni kwanza, tuongee.

Pole, mwanangu. Kuolewa penye msiba si kazi ndogo, na mtoto wa mwenzio kukuita Mama bila kusukumwa si jambo la kila nyumba. Wivu wako nauelewa. Ila kumwonea wivu aliye kaburini ni kukimbia mbio peke yako halafu ukalalamika umeshindwa.

Mumeo namgombeza hapa hapa, najua atasoma. Mwalimu, sebule si maabara ya shule. Muombe mkeo radhi, na vifungo vyake uvirudishe vyote.

Sasa wewe. Hakuna mtoto asiyejua kwamba “tutaona” ya mtu mzima maana yake ni hapana. Amekuomba jambo moja, na amekuja kwako, hakwenda kwa baba yake. Anayefutika haombwi ruhusa. Jirani yako akuazime chumvi, ushauri abaki nao. Atakwambia yaliyopita si ndwele. Kwa mtoto huyu si ndwele kweli, ni mama yake. Ukipaka Jumamosi, atarudi akute ukuta safi, na hatagomba. Atakusalimia, atakushukuru kwa chakula, na soksi zake atazitafuta mwenyewe. Hicho ndicho utakachovuna.

Kopo lirudishe dukani, wakilikataa paka mlango wa choo. Leo binti akirudi shule mwambie hupaki, usimpe maelezo marefu. Jumamosi usikae nyumbani kuukodolea macho ukuta. Nenda mtaa wa pili ukapige hodi kwa mama yake mkubwa. Usipige simu, usitume mtu, nenda na miguu yako. Mwambie binti ana swali ambalo baba yake ameshindwa kulijibu. Ukuta hautaji mwaka, mumeo amekiri mwenyewe, lakini dada ambaye labda alimwona mdogo wake na rangi kwenye nywele anaweza kuutaja. Atakuja. Huenda miaka yote hii alikuwa akingoja kuitwa, kama wewe ulivyokuwa ukingoja abishe hodi.

Akija, kaa nao. Yatasemwa mengi, mengine yatakuchoma, vumilia. Binti akishapata jibu la waridi atakugeukia wewe, atataka kujua kwa nini kijani kilipakwa haraka vile. Usimdanganye kwamba ukuta ulikuwa mchafu. Mwambie uliogopa. Atakuelewa kuliko mtu yeyote, maana wiki ile mlikuwa wawili mnaoogopa ndani ya nyumba hiyo, na mwenzio alikuwa na miaka sita.